Neno Sori Lililotolewa Kwenye Msiba Wangu

Muhsin Awadhi,
Fundi seremala,
Mazingara, Handeni.

Ndugu Mtendaji wa Kijiji,

YAH: OMBI LA KUPIGA MARUFUKU NENO "SORI" KATIKA MISIBA YA WATU WALIO HAI

Salaam nyingi, na pole na majukumu ya ofisi. Mimi ni mzima wa afya. Naomba sentensi hiyo uisome mara mbili, maana ndiyo chanzo cha barua hii.

Wiki iliyopita jeneza la msikiti lilivunjika mguu, vijana wakaniletea nilitengeneze. Walilibeba begani mchana kweupe, wakaingia nalo uani kwangu. Rafiki yangu Sabiri, niliyeingia naye jandoni, alikuwa anatoka shamba, akaliona. Wakati huohuo mke wangu Mwantumu alikuwa mlangoni anapiga kelele kumfukuza jogoo aliyemwaga unga. Sabiri hakuingia kuuliza. Alitupa jembe, akaandika kwenye kundi la simu la kijiji: "Inna lillahi. Muhsin hatunaye tena. Wachimbaji twende." Unawajua watu wetu, wakisikia msiba hawasubiri maelezo. Nilipotokea nyuma ya nyumba na randa mkononi, unga wa mbao umenijaa mpaka kwenye nyusi, kaburi langu lilikuwa limekwisha chimbwa. Waombolezaji wote waliojaa uani walikimbia, na shehe akiwa mbele yao.

Ndipo Sabiri akaandika tena kwenye kundi: "Sori. Yupo."

Ndugu Mtendaji, mimi mtu mzima na akili zangu nimekufa, nimechimbiwa, nimefufuka, halafu mambo yote hayo yanafungwa kwa neno ambalo watu huambiana wakikanyagana vidole! Malalamiko yangu ni haya:

1. Neno hili halina kazi maalumu. Mwantumu akiungua na sufuria, jirani ambaye hata moto hakuuwasha anamwambia sori. Janeth wa dukani akitaka kupita, sori. Kijana akitaka kumwambia mzee kwamba amedanganya, anaanza na sori. Mwenye kosa na asiye na kosa wanasema jambo lilelile, mkosaji tutamjuaje?

2. Kwa desturi yetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, ikabidi tuzike mgomba. Niliubeba mimi, upande wa mbele. Walinipa nafasi hiyo kwa heshima, kama mfiwa wa karibu. Mgomba wenyewe ulikuwa wangu, na ulikuwa na mkungu.

3. Dada yangu Maryamu anafanya kazi kwenye mkonge, Ngombezi. Alikuja analia njia nzima. Aliponiona naranda ubao alizimia, na alipozinduka alinigombeza mimi. Anasema alishaomba ruhusa ya msiba, na anaona haya kuomba tena kwa kaka yuleyule. Kwa hiyo siku nikifa kweli, hatakuja. Nimemwahidi nitajitahidi iwe Jumapili.

4. Mama Filomena, anayetuletea nyanya kutoka milimani, kabla sijatokea alisimama mbele ya waombolezaji akasema marehemu alikuwa mtu mwema ingawa vitanda vyake vinalia. Maneno hayo hayajafutwa hadi leo.

5. Hili ndilo kubwa. Zamani ukimkosea mtu unakwenda kwake asubuhi, na kuku mkononi na mtu mzima wa kukusindikiza. Unalitaja kosa kwa jina lake, unapewa maji, mnakaa. Sori imeifuta safari hiyo yote. Tangu aandike lile neno, Sabiri hajakanyaga kwangu. Alikuwa anakuja kila jioni, anakalia kile kigoda ninachokataa kukiuza. Siku hizi nikikutana naye njiani anainamia simu. Roho inaniuma, Ndugu Mtendaji, na sioni aibu kusema. Niliporudi duniani nilitegemea yeye ndiye atakuwa wa kwanza kufurahi.

Kwa sababu hizo naomba hatua zichukuliwe. Neno hili linaingia kwa mabasi yanayosimama Kabuku. Basi wale wanaokagua mkaa na magunia vizuizini wakague na midomo. Abiria aruhusiwe kupita na sori mbili tu, za matumizi binafsi. Mtu yeyote anayetaka kutangaza kifo amwulize kwanza marehemu, na marehemu apewe siku saba za kuweka pingamizi. Mimi nipatiwe barua yenye muhuri inayonitambulisha kuwa hai, maana kuna watoto wanaonisalimia kwa mbali na kukimbia. Mwisho, itungwe sheria ndogo ya kumlazimisha Sabiri kukaa kwenye kigoda kila jioni, hadi Isha.

Nisalimie wote ofisini, na mama watoto, na yule mlinzi wenu aliyechimba upande wa miguuni. Mwambie nimeukagua na kazi ni safi.

Wako aliye hai,
Muhsin Awadhi.

Baada ya sahihi: Kabla sijaifunga barua, Sabiri amekuja. Amekuja na kuku, na mzee Sadala wa kumsindikiza, na wachimbaji wote, maana wanasema na wao ni wakosaji. Kosa limetajwa kwa jina lake tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Amesema hakuingia kuuliza kwa sababu hakutaka kuniona nimelala chini. Hapo nikalia. Na yeye akalia, wachimbaji wakapokea, Mwantumu akamalizia. Mpita njia akasikia kilio, akaliona jeneza bado liko uani, akaandika kwenye kundi kwamba safari hii ni kweli.

Majembe nilikuwa nayaona yanakuja. Kwenda nyumba kwa nyumba na kuku nisingewahi. Kwa hiyo futa namba 1 hadi 5 pamoja na maombi yote, na mabasi ya Kabuku yaachwe yapite. Nimechukua simu nikaandika mwenyewe: "Sori. Nipo." Neno limefika Ngombezi kabla Maryamu hajaomba ruhusa. Sabiri amekaa kwenye kigoda, ananisomea majibu yanayoingia.