Sufuria ya Mamake Thiri

Jumatatu, 3 Machi

Bhavesh, mwenye duka mwenzangu, ameandikwa ukutani! Kwa herufi kubwa, ndani ya jumba la sanaa jirani na duka langu hapa Kingsbury Road: shukrani kwa Bhavesh, kwa viti. Vya plastiki! Kimoja kinayumba! Jumba hilo hualika wasanii na waratibu wa maonyesho kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, wakae kwa muda na kutuonyesha utamaduni na siasa za kwao. Mimi nauza sufuria huku ng'ambo tangu nitoke Mombasa, na sijawahi kuandikwa popote. Sasa nitaandikwa. Si kwenye shukrani. Suresh, Mratibu.

Naandika Kiswahili kwa sababu mke wangu Pushpa ni wa Rajkot. Hasomi hata neno.

Jumatano, 5 Machi

Bahati! Mgeni wa sasa ni binti wa Yangon, Thiri, na kazi yake ni sufuria. Kuukuu, zimetumwa na watu wa mtaani kwao. Varsha, anayeendesha jumba, hana pa kuziweka. Nikatoa stoo yangu kabla Bhavesh hajafungua mdomo. Varsha akanieleza kwa Kiingereza kirefu jinsi jeshi lilivyopindua serikali, na watu wakafanya nini sijui. Nilikuwa natazama ukuta, napima jina langu litakaa wapi. Alimaliza kwa kuniomba nizitunze vizuri. Thiri ananiita Anko. Mwembamba, anakohoa. Pushpa kampelekea khichdi, wali laini wa dengu, kasema huyu ni mtoto wa watu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua sanduku. Masikini binti! Zote zimebonyea. Wamemtumia takataka, na onyesho ni Alhamisi. Mpango ukanijia papo hapo. Nitanyoosha moja iwe mfano, Varsha aone kazi ya fundi, uratibu uwe wangu. Nikachagua iliyo mbaya kuliko zote, ndogo, imepondeka kama imekanyagwa na lori. Nyundo ya mpira, msasa, asubuhi nzima. Sasa inang'aa, unaweza kuitumia kama kioo cha kuchania nywele. Bhavesh alichungulia akauliza kama nina ruhusa. Wivu!

Jumamosi, 8 Machi

Ardhi ipasuke, niingie.

Nilimpelekea Thiri mwenyewe, nimeifunga kwa kitambaa kama zawadi. Akaifungua. Akapitisha kidole ndani polepole, anatafuta. Kisha akakaa sakafuni. Varsha akanieleza tena, na safari hii nikasikia. Baada ya mapinduzi, kila siku saa mbili usiku, mji mzima ulisimama madirishani ukagonga sufuria, kufukuza jeshi kama wazee wao walivyofukuza pepo wabaya. Kila palipobonyea pana mkono wa mtu. Niliyoinyoosha ni ya mamake Thiri. Hawajaonana tangu kabla ya mapinduzi, na binti akirudi atakamatwa. Kitu pekee alichokuwa nacho cha mkono wa mama yake, nami nimekifuta kwa msasa.

Nimemwambia Pushpa. Hakunigombeza. Hapo ndipo nilipojua ubaya wa nilichofanya.

Jumapili, 9 Machi

Mpango mpya: kuibonyeza upya mwenyewe, kwa kufuata picha yake ya zamani. Pushpa kanipokonya nyundo. Akaniburuta hadi kwa Thiri niombe msamaha kwa mdomo, bila zawadi wala mpango. Nikaomba. Nililia pia. Thiri akasema lazima amwambie mama, na leo mtandao wa kwao upo.

Kwenye simu nikaona mwanamke mdogo mwenye mvi, pazia limefungwa nyuma yake. Akauliza ni nani mzee huyu anayelia. Akaelezwa. Akacheka! Akasema ile sufuria ilikuwa haikai sawa hata juu ya jiko, ahsante kwa fundi. Kisha akasema jambo lingine, na Thiri akachelewa kututafsiria. Kwamba mtaani kwao siku hizi hawagongi tena, askari hufuata sauti. Kwamba mapinduzi yalimkuta binti yake masomoni nje, hakuwahi kugonga hata siku moja. Sufuria sasa iko safi. Zamu ya binti.

Hapa ilikuwa saa saba na nusu mchana. Kwao, saa mbili usiku. Thiri akachukua upawa. Akagonga kidogo kwanza, kama anayebisha hodi kwa watu asiowajua, halafu kwa nguvu zake zote. Mama alisikiliza amefumba macho. Pushpa alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hafanyi. Ninampenda sana huyu mwanamke.

Alhamisi, 13 Machi

Onyesho. Sufuria ndogo iko mbele ya zote, imebonyea vizuri mno. Thiri mwenyewe kaniandika ukutani: shukrani kwa Anko Suresh, kwa nyundo. Chini ya Bhavesh na viti vyake! Lakini alinikumbatia, na kikohozi kimepona.

Jumatano, 19 Machi

Kaja msanii mwingine, bwana mpole wa Yogyakarta. Ana kikaragosi cha ngozi cha babu yake, cha michezo ya vivuli. Babu alifungwa zamani kwa mambo ya siasa. Kikaragosi hakina mkono mmoja. Varsha kanikataza nisikikaribie, Pushpa kaniapisha. Bwana mwenyewe, hata hivyo, hakuna aliyemwonya. Kaniachia kikaragosi nimshikie, akanunue soksi za baridi.

Mkono mmoja, masikini! Nimeukata mwingine kutoka mkoba wa zamani wa Pushpa, rangi inalingana kabisa. Gundi inakauka sasa hivi. Atafurahi sana, bwana huyu.