Vitu vya Kigeni: Asilimia Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimepewa heshima ninayostahili. Mzizi wa tumbo wa Shangazi unakwenda maabara! Ukifaulu, zahanati itaupokea, na jina la Shangazi litaandikwa kwenye paketi. Miaka thelathini anachimba, anakausha, anatwanga. Mimi nimekabidhiwa unga na karatasi ya viwango. Binti yake, fundi cherehani aliyemaliza kidato cha nne na haachi kutukumbusha, ametaka kunisomea. Nimemwambia dada, mtu aliyefika bandari tatu ashindwe na karatasi moja? Nimesoma mwenyewe. Majivu: asilimia 6. Unyevu: asilimia 10. Vitu vya kigeni: asilimia 2. Kumbe unga wetu ulikuwa mtupu! Afadhali nimewahi.

Jumanne, 5 Machi
Majivu nimeyapata jikoni. Nimeyachekecha. Unyevu, kikombe cha maji. Vitu vya kigeni vimenitoa jasho. Dukani nimeomba kitu kilichotoka ng'ambo kweli, si cha hapahapa. Nimepewa sabuni ya maua. Nimeikwaruza kwa kijiko. Shangazi amenusa, akauliza mbona unga unanukia kama bibi harusi. Nimemwambia ndivyo viwango hivyo. Akanishika kichwa, akaniombea dua. Akaniombea!

Alhamisi, 7 Machi
Ardhi ipasuke nizame.
Maabara. Meza nyeupe, mizani ndogo, Mkaguzi na miwani yake shingoni. Kwanza utambulisho: mizizi ya jina hilo ni miwili, mmoja unatuliza tumbo, mwingine unaharisha. Shangazi akavunja mzizi mzima, akaonyesha umanjano wa ndani, akamwambia mwanangu, nusa. Mkaguzi akanusa, akalinganisha na picha, akaandika ndio wenyewe. Nikavimba kifua utadhani niliuotesha mimi.
Kisha akafungua kopo la unga. Umeota ukungu. Akatia maji, akatikisa. Povu! Likapanda mpaka shingo ya chupa. Akauliza nani ameutengeneza. Mdomo wangu huu, unaonisifu tangu utotoni, ukasema: Shangazi.
Shangazi akanitazama. Halafu akasema ndiyo, ni mimi, uzee huu mwanangu, nisamehe. Mkaguzi akamweleza polepole, kama mtoto wa chekechea, kwamba zile namba ni kikomo, zisipitwe. Kwamba kitu cha kigeni ni mchanga, ni bawa la mende. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu. Mia na kumi na mbili.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekwenda kutubu. Shangazi anatwanga upya; tumepewa mpaka Jumatatu. Nimefungua mdomo, akanizuia. Anajua. Amesema mikono yangu bado inanukia maua. Halafu akanivutia kiti nikae. Heri angenizaba kofi! Binti yake alikuwa na pini mdomoni, bahati yangu.
Nimeapa: karatasi ile siigusi tena.

Jumapili, 10 Machi
Nimepita kusalimia tu. Shangazi amesinzia mkekani. Kopo jipya liko mezani, karatasi kando yake. Nimeigeuza, si kuigusa, kuigeuza. Kumbe ina upande wa pili! Vijidudu: 1,000 kwa gramu. Nimefungua kopo, nimekodoa macho. Hata kimoja hakuna! Maskini mama wa watu, ataaibika tena, na mimi nimekaa kimya natazama? Binti yake ameuliza natafuta nini nyuma ya choo nikiwa na kasha la kibiriti. Nimemwambia dada, wewe shona.
Sisimizi mia nne mpaka sasa. Mkaguzi alisema namba isipitwe. Nami si mjinga, nilimsikia: nitaishia mia tisa.