Uzinduzi wa Kituo cha Vipokezi, Mwanakwerekwe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uzinduzi, Mheshimiwa Makamu wake, waheshimiwa masheha, maulamaa wetu, wafadhili ambao hawakuweza kufika, mabibi na mabwana mliokuja kwa hiari na mliopakiwa kwenye lori: asalaam aleikum. (Wanaitikia. Wa kwenye lori wanachelewa kidogo.)

Leo, mwaka huu wa 1997, nazindua Kituo cha Vipokezi, programu niliyoibuni mwenyewe baada ya semina ya siku tisa ng'ambo, ambako wataalamu walituthibitishia kwamba ndani ya ubongo mna vipokezi, ambamo kemikali ya bangi hukaa kama ufunguo ndani ya kufuli, na kwamba mwili nao hutengeneza kemikali yake wenyewe, jamaa ya hiyo, bila leseni, hata mwezi wa Ramadhani. (Minong'ono.) Nilipoyasikia hayo nilijipeleka polisi. Waliniachia kwa kuzingatia cheo changu. (Makofi.)

Tathmini imeonesha kwamba asilimia mia na nne ya wananchi wanavyo vipokezi. Hao wanne ni wageni wa semina. Nyuma ya mlango huu uliochongwa kuna kitanda cha kisasa, na kidonge kinachogusa vipokezi hivyo, kikazuia kutapika na kumrudishia mgonjwa hamu ya kula.

(Bi Tabia, mstari wa mbele: "Mume wangu Ame siku ya nne hajala, Mheshimiwa. Hicho kidonge nkipate leo.")

Utaratibu, Bi Tabia. Kwanza barua ya sheha kuthibitisha kwamba vipokezi ni vya mgonjwa mwenyewe.

("Sheha kavionea wapi?")

Ndiyo maana tunaunda tume. (Kicheko. Sheha hacheki.)

Vipokezi vyetu! (Juu!) Kichefuchefu! (Chini!)

Mwisho, shukrani. Namshukuru fundi Mmanga wa Mlandege kwa kutuazima mlango, ambao mteja wake anausubiri alasiri. Wenye harusi, kwa turubai lililosimama badala ya kuta. Mfadhili, kwa picha ya kidonge. Na kwa namna ya pekee Bi Tabia, aliyetuazima kitanda cha mumewe tangu Jumatatu. Mgonjwa, naarifiwa, anavumilia mkekani.

(Bi Tabia ameshaingia nyuma ya turubai na kushika tendegu la mbele. Mmanga anashika la nyuma.)

Bi Tabia, ngojeni basi. Picha bado.