Radochna na Hatua Kumi na Moja

Nyamazeni! Kuku watulie vizimbani, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Ileteni karatasi iliyo pana kama shuka, na wino wa masizi ya jikoni, maana habari inayokuja haitoshi kuchorwa kwa mkaa ukutani. Si habari ya mji uliotekwa, wala ya farasi elfu waliovuka mto. Hayo ni madogo na wengine wamekwisha kuyaandika. Hii ni habari ya Radochna binti Sulka, Simba wa Jiko, Mshika Mwiko Asiyetetemeka, Mama wa Mikate Elfu Arobaini, na ya siku ile alipotembea hatua kumi na moja kwenda na hatua kumi na moja kurudi.

Lakini kabla hajanyanyua mguu, kitendawili. Mkate ulikuwa mmoja, mkubwa, umeumuka vizuri. Baba akawakatia wanawe, nao wanawe wakawakatia wana wao, hata ikawa anayepewa fungu lake hajui kama amepewa mkate au amedondoshewa chembe. Ni nini hicho?

Ni nchi ya ukoo wa Piast, watawala wa Polandi. Ukoo ule uliwapenda watoto, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wake. Kila mtawala alipofumba macho, nchi ilikatwa kwa wanawe wote, asibaki hata mmoja na mikono mitupu. Zamani za kwanza mtu alirithi mito na misitu. Baadaye akarithi mto mmoja. Hata ilipofika zamu ya Gawronik, kule jimbo la Silesia, mtawala akipiga chafya asubuhi alikuwa ameivamia nchi ya jirani.

Basi mwaka huo, Kwaresima ilipoanza, alifariki mkuu wa Gawronik, akaacha ngome moja ya magogo, vijiji sita na wana wawili: Lestko Pua-Baridi, mkubwa, na Siemko Nyusi-Moja, mdogo. Walimlilia baba yao majuma matano, wakalia vizuri, kisha wakaanza kugawana. Vijiji, vitatu vitatu. Mizinga ya nyuki, saba saba. Benchi la marehemu walilipitisha msumeno katikati, kila mmoja akajipatia nusu yenye miguu miwili, na tangu siku hiyo hakuna mtawala wa Gawronik aliyeweza kuketi pasipo kuegemea ukuta. Mwisho, siku ya Alhamisi Kuu, wakatandaza kamba katikati ya ua wa ngome, kutoka lango hadi zizi la mbuzi. Upande huu ukawa wa Siemko: jiko, tanuri, na Radochna mwenyewe. Upande ule ukawa wa Lestko: vyumba vya kulala, na ghala lililochimbwa chini ya ardhi.

Na ndani ya ghala lile, rafu ya tatu, nyuma ya pipa la kabichi, palikuwa na chungu.

Msikidharau. Kilikuwa kimezibwa ufa kwa lami, kimefunikwa kitambaa, na ndani yake ilikaa chachu ambayo Radochna alipewa na mama yake Sulka siku ya kuolewa, naye Sulka alipewa na mama yake. Wanawake watatu walikuwa wameilisha chachu ile unga mweusi kwa zaidi ya miaka mia, wala haikuwahi kufa, si kwa njaa, si kwa baridi, si kwa vita. Mama yake Radochna alikuwa amekwisha kuzikwa. Sauti yake ilikuwa imesahaulika. Lakini kila alfajiri Radochna alipofunua kitambaa na ile harufu ya uchachu ikampanda puani, alikuwa na mama.

Kwa nini basi kikawekwa ghalani? Kwa desturi. Katika nchi ile, siku zote za Kwaresima watu hunywa żur, mchuzi mchachu wa unga mweusi, asubuhi żur na jioni żur, hata mtu akicheka wenzake wanakaa mbali. Ikifika Jumamosi Kuu, kengele zilizonyamaza tangu Alhamisi zikilia adhuhuri, vijana hutwaa marungu wakavunja vyungu vyote vya uchachu wanavyoviona, kwa furaha ya kuagana na mchuzi. Na kijana mwenye rungu haulizi chungu hiki ni cha mchuzi au cha mkate. Kwa hiyo kila mwaka, Jumatano, Radochna alikificha chungu chake mahali pale pale palipo salama kuliko pote: rafu ya tatu, nyuma ya pipa. Akafanya hivyo na mwaka huu. Kesho yake ikapita kamba, na mahali pa salama pakawa nchi ya kigeni.

Jumamosi asubuhi, kivuli cha mnara wa kanisa kikiwa kifupi na kinazidi kupungua, Simba wa Jiko alijifunga aproni kama shujaa ajifungavyo deraya, akautwaa mwiko wake mrefu, akauendea mpaka.

"Simama hapo!" ikapaa sauti. Alikuwa Gniewko, mlinzi wa Lestko, ambaye hadi juzi alikuwa akipasua kuni za jikoni.

"Gniewko, mwanangu, shusha huo mkuki utajitoboa."

"Taja jina lako na nchi utokayo!"

"Nchi nitokayo? Jikoni, pale, moshi huo. Na jina langu unalijua. Ulipoungua ulimi nani alikupaka asali?"

"Hayo yalikuwa kabla ya mpaka, mama," Gniewko akanong'ona. "Mwenzio nimeapishwa."

"Na tangu uapishwe umekula nini?"

Gniewko akameza mate. "Figili."

"Mbichi?"

"Upande wetu hatuna tanuri, mama."

Ndipo akatokea Lestko Pua-Baridi, amejitanda blanketi la baba yake, pua nyekundu kama kawaida yake, akanena kwa sauti ya kufunga mkataba:

"Ni nani huyu anayeizunguka nchi yangu kwa silaha?"

"Ni mwiko, bwana mkubwa. Nimekuja kuchukua chungu changu ghalani. Nakichukua, naondoka, hata figili zako sizitazami."

"Chungu kilichomo ardhini mwangu ni raia wangu," akasema Lestko. "Nacho ni chungu cha uchachu. Nimekunywa uchachu siku thelathini na tisa, Radochna. Leo kengele ikilia, rungu la kwanza nitalipiga mimi."

"Hicho si cha mchuzi!"

"Kinanuka nini?"

Radochna akaukaza mwiko mkononi, maana kilinuka mchuzi kweli. Huko nyuma ya ghala vijana walikuwa wameanza kugonganisha marungu yao, ko, ko, ko, na kila mgongano ulimpiga yeye kifuani. Akaitazama ile sura chini ya blanketi. Alikuwa ameiosha makamasi miaka saba, alipokuwa yaya wao. Akaushusha mwiko.

"Lestko," akamwita, pasipo ubwana wala ukubwa. "Unaukumbuka mchezo wetu wa jikoni? Mnapogoma kula?"

Nyusi za mtawala zikapanda. Nani asiyeukumbuka? Yaya anatega kitendawili, mtoto anategua. Akishindwa anatoa kijiji kabla hajaambiwa jibu. Kabla ya kung'oka meno ya utoto Lestko alikuwa amekwisha kumpa Radochna Silesia yote, na Siemko alikuwa amempa na bahari.

"Mimi si mtoto tena," akasema.

"Basi hutashindwa. Ukitegua, navuka kamba mimi na mwiko wangu, nakuwa mpishi wako mpaka nife. Ukishindwa, unatoa."

"Hapana!" ikalia sauti nyuma yake. Siemko Nyusi-Moja alikuwa ametoka mbio, kitambaa cha kulia chakula bado shingoni. "Mpishi ni wangu! Tumegawana!"

"Unaogopa nitategua?" Lestko akamuuliza.

"Wewe? Hujawahi kutegua hata kimoja!"

Hilo lilitosha. Lestko akalitupa blanketi chini kama shujaa atupavyo glavu. "Tega!"

Watu wakakusanyika pande zote mbili za kamba: wafuaji wa nguo, wachunga bata, mkamua mbuzi, na mwanamke mmoja aliyekuwa na mkate nusu mdomoni akasahau kuutafuna. Radochna akaanza kwa chepesi, kama jemadari anayetuma wapiga mishale kabla ya farasi.

"Ndugu wawili, wanakaa nyumba moja, hawajawahi kuonana."

"Macho!" Lestko akaruka. "Macho! Nimetegua! Gniewko, mfungulie kamba aingie!"

"Ni macho, kweli," akasema Radochna. "Mimi nilidhani utasema wewe na Siemko."

Ua mzima ukaangua kicheko. Gniewko alilazimika kuegemea mkuki wake.

"Lakini kule jikoni vilikuwa viwili viwili," akaongeza, "kimoja cha kupasha moto. Au umesahau?"

"Sijasahau," akasema Lestko, ambaye alikuwa amesahau. "Lete cha pili."

Radochna akavuta pumzi. Wachunga bata waliokuwapo husema hata bata walinyoosha shingo.

"Nina mwana hana mfupa. Anapenda joto, moto humuua. Nikimlisha hupanda, nikimsahau hununa. Bibi yangu alimlea, mama yangu alimlea, nami namlea, wala hajaota jino. Na tena, sikilizeni enyi watawala wa Gawronik: ukimgawa hapungui. Mpe ndugu nusu, kesho wote wawili mna mzima."

Upande wa wafuaji, mtu akacheka na kuzibwa mdomo. Maana kila aliyewahi kuosha bakuli katika ngome ile alikwisha kulijua jibu. Gniewko aliuma midomo hadi ikapoteza rangi. Ila wale ndugu wawili, waliokula mkate tangu waote meno, hawakuwahi hata siku moja kujiuliza kitu gani kiliupandisha.

"Wingu," akasema Lestko.

"Wingu unalilisha nini?"

"Mfalme!"

"Mfalme ana mifupa, tena mingi."

"Ukimgawa hapungui..." Lestko akarudia polepole. Akaitazama kamba. Akaitazama nusu ya benchi iliyoegemea ukuta wake, na nusu nyingine iliyoegemea ukuta wa ndugu yake. "Hakuna kitu kama hicho, Radochna. Kila kitu hupungua. Tumejaribu."

"Siemko, msaidie ndugu yako," akasema Radochna.

Siemko akakunja ile nyusi yake moja hadi ikawa kama mlima. "Deni?"

"Hebu nyamaza!" Lestko akamkemea. Marungu yakagongana tena, ko, ko, ko, karibu zaidi, na mtu akaonekana akipanda ngazi za mnara kuziendea kengele.

"Natoa," akasema Lestko, kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino. "Nakupa kijiji. Kile cha kwenye matope."

"Sikitaki."

"Cha mizinga, basi!"

"Sitaki kijiji, mwanangu, nitakiweka wapi? Nipe hatua kumi na moja, kutoka kamba hii hadi rafu ya tatu, na kila kilichoko juu yake. Ziwe zangu. Sema mbele ya watu."

Mtawala akatazama watu, watu wakamtazama mtawala. "Nimekupa," akasema. "Ni zako."

Kengele ikalia.

Enyi mliopo na mlio mbali, itazameni sasa ile safari! Radochna akauinua mguu juu ya kamba, magoti yakilalamika kama bawaba kuukuu. Hatua ya kwanza, akakanyaga ardhi yake mwenyewe, mwanamke ambaye hakuwa amemiliki hata kizingiti. Hatua ya nne, jeshi la vijana likatokea pembeni ya zizi likiimba, marungu juu. Hatua ya saba, akaingia mlango wa ghala, na giza likamlaki. Ya nane, ya tisa, pipa la kabichi likamzuia kama mnara wa adui, naye akalisukuma kwa nyonga moja tu. Ya kumi na moja: akanyoosha mkono, akakishika. Kilikuwa baridi. Akakibeba kiunoni kama alivyowabeba wale wawili, akatoka, na papo hapo rungu la kwanza likasimama hewani, kiasi cha shubiri moja kutoka utosini mwake.

"Hebu subutu!" akanguruma Simba wa Jiko. "Upo kwenye nchi yangu!"

Kijana akatazama chini, akaona kweli yupo, akarudi nyuma.

"Chungu cha kuvunja kipo kule," akasema Radochna akionyesha kwa kidevu chungu kikubwa cha mchuzi wa Lestko, kilichokaa mlangoni kwake tangu kabla ya kamba. Kabla hajamaliza, Lestko alikuwa amempokonya kijana rungu. Na kile chungu kilipasuka kwa mlio mtamu hata Siemko akaomba apige na yeye vigae.

Radochna akavuka kamba kurudi, akaketi kizingitini mwa jiko. Lestko akamfuata hadi kwenye kamba, uchachu ukimtiririka kwenye ndevu.

"Jibu ni nini, mama?"

Akafunua kitambaa. Ndani palikuwa kimya, rangi ya majivu, pamelala. Akachota kikombe kimoja, akampa. "Chachu. Umeila tangu utoto. Peleka kwako, mlishe."

Lestko akakishika kikombe kwa mikono miwili, akakinusa, akakunja uso. Akachungulia chunguni. "Na chako kimepungua."

"Njoo kesho uone."

"Nitaokea wapi? Sina tanuri."

"Tanuri liko pale lilipo," akasema Siemko, akitazama kwingine. "Kama mwenye nchi ya katikati ataruhusu kupita."

"Kupita ruhusa," akasema Radochna, "ila mfute miguu."

Iandikeni hiyo, tena kwa herufi kubwa. Kwamba katika nchi zote za ukoo wa Piast, zilizokatwa na kukatwa tena hata zikawa makombo, palikuwa na himaya moja ya hatua kumi na moja ambayo mtawala wake hakukubali kuigawa, ingawa jeshi lake lilikuwa mwiko na uwanja wake wa vita ulinuka kabichi. Jioni ile, ndugu wawili wakigombania nafasi mbele ya tanuri moja, yeye alitia konzi mbili za unga chunguni, akakoroga, akainamisha sikio.

Akangoja.

Chungu kikacheua povu.