Omu za Mkurugenzi

Kwa heshima na taadhima, Idara inautangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu ukinzani wa umeme utagawiwa kwa kufuata vyeo. Waraka niliuandika mimi, Katibu wa Kamati, kwa wino wa kijani.

Chanzo kilikuwa karatasi ya fundi umeme wetu. Alitumwa apime vifaa vya ofisi, naye binti wa watu akapima. Birika la Mkurugenzi: volti 240, mkondo ampea 10. Ukigawanya volti kwa ampea unapata ukinzani, omu 24. Ukizidisha unapata nguvu, wati 2400. Chini yake, taa ya stoo ya mfagiaji wetu, Mama Ufagio: volti 240, mkondo robo ampea. Omu 960, wati 60.

Mkurugenzi alisoma safu ya omu, akaishia hapo.

"Yaani mimi ishirini na nne, mfagiaji mia tisa na sitini?"

Fundi akaeleza kwamba ukinzani ni kama mlango mwembamba: ukizidi, mkondo unaopita unakuwa kiduchu na nguvu inashuka. Birika likipewa omu 960 litabaki na wati sitini, sawa na ile taa. "Bosi, chai hiyo utainywa ukistaafu."

Kamati haikucheka, kwani kucheka hakukuwamo kwenye ajenda. Tulipiga kura, tisa kwa sifuri: kifaa cha omu 24 kiende kwa mfagiaji, Mkurugenzi apewe omu 960. Fundi akaambiwa akikaidi, mkataba wake unaoisha Jumatatu hautaongezwa. Ana mapacha na mama mgonjwa, hilo tunalijua wote.

"Nifuate waraka kama ulivyo?"

"Neno kwa neno," nikamjibu, kifua mbele.

Akaufuata. Birika likahamia stoo. Mkurugenzi akafungiwa jipya, ndani limesukwa waya mwembamba, omu 960 bila pungufu. Tulilikatia utepe.

Jumatatu hiyo Waziri alikuja kumpima Mkurugenzi kama anafaa kupandishwa cheo. Birika lilikuwa limewashwa tangu saa mbili asubuhi. Saa tano Waziri alimiminiwa kikombe, akaonja, akauliza kwa upole kama hayo ni maji ya kunawa. Mkurugenzi akamwomba avute subira kwa kuwa omu zilikuwa bado zinajipanga.

Ndipo harufu ya majani ya chai ilipotufikia kutoka stoo. Waziri aliifuata, akamkuta Mama Ufagio na fundi wakinywa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akasimuliwa yote. Akaomba karatasi ya fundi, akaisoma hadi safu ya wati, kisha akaniomba kalamu. Mkataba wa fundi ukatiwa sahihi pale pale, kwa wino wangu wa kijani.

Mkurugenzi akatokea mlangoni, kikombe kitupu mkononi.

"Na mimi, mama?"

"Pole, baba. Waraka unasema omu hizi ni za mfagiaji." Mama Ufagio akapuliza chai yake. "Ila ufagio wa akiba upo, hapo nyuma ya mlango."

Waziri alimtazama Mkurugenzi, akangoja.

Kwa taarifa ya umma: korido ya ghorofa ya pili imefagiliwa. Kona zimemshinda.