Manyoya Kwenye Mfarishi wa Hadia

Jumamosi, tarehe 4 Mfunguo Saba, 1330

Nimejitia kitanzini kwa ulimi wangu mwenyewe. Mavyaa, Bi Mwanamkisi, ametupa bafta nyeupe, mimi na Swafiya, mke wa shemeji yangu. Kila mmoja ashone mfarishi, tandiko la sufi la kitanda cha arusi ya wifi yetu, Hadia. Atakayeshinda atabaki na cherehani ya marehemu bavyaa. Cherehani! Swafiya hajui hata kuizungusha. Anaitaka tu ili mimi nisiwe nayo. Mimi naitaka nishonee watu, na mwanangu Ridhwani siku moja avae kanzu iliyokatwa kwa ajili yake, si mabaki ya shuka.

Swafiya akasema atashona kwa mkono, mistari kama safu za msikitini. Nami nikausikia mdomo wangu ukisema: manyoya. Manyoya ya ndege ya kuchorwa kwa uzi, yaliyojipinda, kwa cherehani, kama ule mfarishi wa bibi wa Kizungu unaoanikwa darini kule mbele, kando ya bahari. Swafiya akacheka. Akauliza kwetu Chundwa manyoya tumeyaona wapi ila kwenye kuku.

Hakuna aliyeuliza kama naweza. Alhamdulillahi. Nimewahi kushona foronya mbili tu.

Jumatatu, tarehe 6

Cherehani, niliyoazimwa na mavyaa kwa kazi hii, inajua njia moja: mbele. Nyoya linataka kupanda, kujikunja, kurudi. Kumbe chini ya sindano kuna meno yanayoivuta nguo! Nikayafunika kwa karatasi ngumu ya sukari, nikatoboa tundu la sindano, nikakiondoa na kile kiguu kinachoikandamiza nguo. Ajabu! Nguo ikawa huru, naipeleka nitakako. Mimi ni hodari.

Ila kuiongoza kunataka mikono miwili, na gurudumu linataka wa tatu. Nikajaribu kuzungusha kwa mguu. Sindano ikavunjika. Ridhwani anayo mikono, lakini yote imo kwenye nywele zangu.

Majaribio nimeyafanyia kanzu kuukuu ya mume wangu, Mselem. Jioni akaniarifu, kwa upole wa kutisha, kwamba kuukuu ni ile nyingine.

Jumanne, tarehe 7

Mkono wa tatu umepatikana! Hadia. Yumo ndani, chumba cha nyuma, kama ilivyo desturi ya bi arusi: hatoki, haonekani, hashiki kazi. Kutwa anasingwa kwa liwa na manjano. Amechoka hata mijusi ya ukutani ameipa majina. Mavyaa alipotoka kumtazama mgonjwa, nikaingia, cherehani kichwani, Ridhwani mgongoni. Hadia nusura alie kwa furaha.

Nikamwomba azungushe polepole. Akazungusha kama anayefukuzwa. Nyoya la kwanza likatoka kiazi. La pili, Hadia akasema, ni mwiba wa changu. Watu wa Chundwa hatujifichi: hata tukishona, hutoka samaki. Nikacheka mpaka uzi ukakatika. Kisha siri nikaishika: mkono usiikimbize sindano. Panda taratibu, pinda, rudi juu ya mshono wako mwenyewe. Mkono wangu na wake ipumue pamoja. La tatu: nyoya! Nyoya kamili! Ridhwani akapiga makofi, au alikuwa anaua nzi.

Alhamisi, tarehe 9

Manyoya yamejaa, sufi imetulia ndani. Nikaukunjua mfarishi mwangani. Ya Rabbi! Katikati, kiganja cha Hadia, vidole vyote, manjano tupu. Aliuegemea. Nikakiosha. Kikazidi kung'aa. Mavyaa akikiona atajua bi arusi ametiwa kazini. Aibu, mkosi, na cherehani kwaheri.

Mara Swafiya huyo, amevuka wikio, lile daraja la juu ya njia linalounganisha nyumba zetu. Anaazima uzi. Nikaukalia mfarishi. Akauliza mbona siinuki kumlaki. Nikasema miguu imekufa ganzi. Basi akakaa anihurumie! Akasimulia mtaa wetu wa Langoni mzima, nyumba kwa nyumba. Nikamnyonyesha Ridhwani, nikamnyonyesha tena, mpaka mtoto mwenyewe akanitazama kwa mashaka.

Alipoondoka nikapata hila. Nikiutia manjano mfarishi wote, kiganja kitapotea. Nimeshauloweka.

Jumapili, tarehe 12

Umekauka. Una mabaka kama paka.

Tukaitandika yote miwili mbele ya mavyaa, mle mle ndani kwa Hadia. Wa Swafiya mweupe, safu zimenyooka. Alipouona wangu akauliza nimeushona au nimeupika. Mavyaa akainama, akaunusa, akaupapasa. Mkono wake ukasita katikati. Kiganja kingalipo! Kimekoza kuliko pengine pote. Akaweka chake juu yake. Akamtazama Hadia. Hadia akatazama sakafu. Mimi nikasoma kila dua niliyofundishwa chuoni, hata ya kupanda chomboni.

Mavyaa akamtuma Swafiya akalete kahawa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye alipokuwa ndani alisuka mkeka mzima, akawa anauficha chini ya kitanda, na mamake amekufa hajui. Akacheka! Mimi nikalia. Hadia akalia. Ridhwani akalia kwa kufuata mkumbo.

Hukumu: wa Swafiya utatandikwa usiku wa arusi, kwa kuwa ni safi. Wangu Hadia ataondoka nao, kwa kuwa ameukumbatia na haachii. Cherehani? Swafiya aliporudi na kahawa akaambiwa aizungushe. Akaizungusha kinyume, uzi ukawa kiota. Ni yangu! Kwa sharti la siri, niape sitamtia bi arusi kazini tena. Nikaapa. Nikambusu mavyaa mkono, kisha gurudumu.

Jumamosi, tarehe 18

Hadia ameolewa, nyumba imepoa. Ridhwani anavaa kanzu yake mpya. Mkono mmoja ni mrefu, lakini atakua.

Jirani yetu, Bi Radhiya, aliuliza kama naweza kumshonea mfarishi wenye mkia wa tausi, uliotanda wote. Nikasema naam. Tausi sijapata kumwona. Mkono wa tatu sina.

Lakini leo Swafiya katuambia mdogo wake, Tima, ataingia ndani mwezi ujao. Maskini Tima, peke yake mle na mijusi! Nitakwenda kumliwaza. Na kiapo changu kilihusu bi arusi. Mtu kabla hajaolewa ni mwari tu, mavyaa mwenyewe hawezi kukataa.

Bafta nimeshanunua. Nyeupe.