Sato Mmoja, Vipande Viwili

Leo nimeaibika, tena kwa lugha mbili. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kutoka Mwigobero, maana kule sokoni walioshuhudia ni wengi.

Mnajua nafundisha Kiingereza sekondari hapa Bunda. Wiki nzima nimekuwa na neno moja kichwani: "disgrace". Kamusi inasema ni fedheha, aibu ya mbele za watu. Sawa. Lakini nikisikiliza redio ya Waingereza, wanalitumia kwa vitu vya ajabu. Vyombo havijaoshwa, disgrace. Treni imechelewa, disgrace. Mtu hajachana nywele, disgrace. Nikajiuliza: sasa hawa wakipatwa na aibu yenyewe, ile ya kutafuta pa kujificha, wanabakiwa na neno gani? (Ndivyo nilivyo. Wenzangu wanawaza mpira.)

Leo Jumamosi mama mkwe alikuwa anakuja kwangu Nyasura, hapa hapa Bunda, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe Neema, miaka miwili iliyopita. Kwetu mama mkwe haingii kwa mkwe wake hivi hivi. Akija mara ya kwanza akaondoka hajala, habari itafika kwao Butiama kabla yake. Neema hajalala vizuri tangu Alhamisi. Asubuhi akaniambia, "Nenda Musoma mwenyewe ukaniletee sato mkubwa. Mama hapendi samaki wa barafu."

Saa tatu niko Musoma, soko la Mwigobero. Sato wakubwa wameisha. Nazunguka meza zote, namuona mmoja amebaki peke yake, mnene, macho yanang'aa. Nikamshika mkia. Sekunde hiyo hiyo mkono mwingine ukamshika kichwa.

Alikuwa mama wa makamo, kitenge cha majogoo, viatu vya plastiki vya njano.

"Samahani mama, nimemuwahi."

"Umewahi mkia. Samaki anashikwaga kichwa."

"Nina mgeni mzito leo, mama."

"Na mimi ndiye mgeni. Siwezi kwenda kwa watu mikono mitupu."

(Mtu mwenye akili hapo angeuliza: unaenda kwa nani, mama? Mimi nilivuta.)

Na yeye akavuta. Watu wakaanza kusogea. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kulijaribu neno langu.

"Mama, hii ni disgrace."

"Ndiyo nini hiyo?"

Basi ualimu ukanipanda. Mkia mkononi, nikamweleza kwamba ni aibu ya hadharani, ila Waingereza wanalitumia hata chai ikipoa, kwa hiyo asijisikie vibaya sana. Alinisikiliza kwa makini kuliko kidato cha pili wangu wote. Kisha akasema, soko zima likisikia, "Mama aliyekupa binti yake alikuwa amelala."

Watu walicheka mpaka muuza samaki akakosa subira. Akachukua kisu, akamkata sato katikati. Mkia wangu, kichwa cha yule mama. Nikarudi Bunda na hasira zangu.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja wale msiooa huku. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Ni heshima. Siku ya posa niliangalia chini. Siku ya harusi, chini. Miaka miwili namjua mama mkwe kwa sauti ya kunong'ona na viatu vyeusi vya kanisani. Yeye ananijua kwa utosi. Na sokoni nilivaa kofia.

Saa nane akafika.

"Shikamoo mama," nikaiambia sakafu.

"Marahaba mkwe wangu," sakafu ikanijibu kwa upole.

Mambo yakawa mazuri. Halafu nikaviona viatu. Njano. Plastiki. Kimoja kina gamba la samaki. Nikajipa moyo kwamba viatu vya njano viko vingi mkoa huu.

Neema akaita kutoka jikoni. "Mama, umeleta kichwa, na huyu naye kaleta mkia. Mbona vinaungana kabisa?"

Akatoka na sinia, vipande vyote viwili vimewekwa pamoja. Ni samaki mmoja, hata kipofu angejua. Mimi nikainua macho. Mama mkwe akainua macho. Heshima ya miaka miwili ikaishia hapo, katikati ya kitenge cha majogoo na kofia yangu iliyokuwa juu ya meza. Kumbe alikuwa Musoma kwa dada yake tangu jana.

Niliona aibu ya kweli, jamani, si ya redioni. Huyu ndiye aliyenipa mke, na mimi nimemfundisha fedheha mbele ya Mwigobero nzima. Na yeye naona alikumbuka alichonijibu, maana alianza kukaza kitenge ambacho hakikuwa kimelegea. Kisha akavuta mkoba wake. Neema machozi yakaanza kumlenga.

Kumbe alikuwa anatafuta leso. Akaziba mdomo.

"Mkwe," akasema taratibu, "si ulisema lile neno wanalitumiaga hata chai ikipoa?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa kwa hili letu wanasemaga nini?"

Miaka tisa nafundisha Kiingereza.

"Bado nachunguza, mama."

Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Neema akafuata, machozi yale yale. Mimi nilicheka mwisho, nikiwa nimeshaangalia chini.

Alikula akashiba, yeye chumba chake na mimi changu kama inavyotakiwa, yeye kichwa na mimi mkia, na safari hii hakuna aliyevuta. Wakati wa kuondoka akamwomba Neema picha yangu ya pasipoti. Anasema ataibeba kwenye mkoba kila akienda sokoni.

Tafadhali msinicheke. Kwanza kila mmoja aseme mama mkwe wake anafananaje.